Kiti Nilichokitafuta Nikiwa Nimekikalia

Ninawasimulia haya nikiwa nimejifunika uso kwa kiganja, maana mtu aliyefundisha katekisimu miaka mingi hapaswi kuangushwa na swali ambalo yeye mwenyewe huwauliza wanafunzi.

Wazee wa ushirika wetu wa Wembley waliniomba niwaongoze kutembelea kanisa kuu la kale la Kianglikana hapa London. Nikakubali upesi mno (sifa ni tamu, wapendwa) bila kuyauliza magoti yangu. Basi nikawaeleza nguzo, matao yaliyochongoka, na dari ya mawe ambayo mafundi wengi walikufa kabla haijakamilika, na tulipofika mahali pa wanakwaya magoti yakagoma. Nikaona kiti kirefu cha mbao, kimechongwa vizuri, kina mto mwekundu, na mbele yake kamba. Nikadhani kamba ni ya kuzuia watoto. Nikaifungua, nikaketi, nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikaendelea kufundisha.

"Kanisa kuu haliitwi kuu kwa ukubwa wake," nikasema, "bali kwa kuwa ndani yake mna kiti cha askofu."

"Na hicho kiti kiko wapi, Mwalimu?" akauliza Mama Zawadi, kiongozi wa kina mama, ambaye hakosi swali.

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. "Kitakuwa kule mbele. Tutakiona."

Mtalii mmoja akaniinamishia kichwa, nami (Mungu anisamehe) nikampungia mkono. Ndipo akaja mhudumu wa kanisa, mzee mwenye joho jeusi, akaninong'oneza kwa upole kwamba nimekalia kiti cha askofu. Nikataka kuruka, magoti yakakataa.

"Mwalimu, tumekiona!" akapaza sauti Mama Zawadi, na kicheko kikapanda hadi darini.

Nikajua tutafukuzwa sote kwa ajili yangu, na wengine walikuwa wameomba ruhusa kazini ili waje. Lakini yule mzee alinishika kwapani, akaniinua, akaniletea kiti cha kawaida, akakiweka chini ya tao. "Malizia somo lako," akasema. Nimehubiri mara nyingi juu ya kutokimbilia viti vya mbele. Yeye alinihubiria kwa kiti kimoja tu.

Tangu siku hiyo sikalii kiti kabla ya kuuliza ni cha nani, hata ndani ya basi. Jumapili iliyofuata nilikuta katika ukumbi wetu kiti cha plastiki chenye mto mwekundu, na karatasi yenye mwandiko wa Mama Zawadi: "Hiki ni chako, Mwalimu."

Nikauliza mara mbili, kisha nikaketi.