Pembetatu ya Maji

Mhandisi wetu wa matangi huchora pembetatu kila mahali: kwenye vumbi la meza, kwenye mvuke wa dirisha, hata mgongoni mwa mwanawe anapombembeleza alale. Juu nyembamba, chini pana, kwa kuwa maji husukuma ukuta zaidi kadiri kina kinavyozidi. Hupiga hesabu kwa kunong'ona, macho ameyafumba nusu. Siku tangi jipya lilipojazwa mara ya kwanza, alikuja na kigoda, akaketi chini kabisa ya ukuta na kuegemeza shavu kwenye zege lililoanza kupoa.

"Dada, toka hapo," fundi aliyeujenga alimwambia. "Ukuta ukipasuka je?"

"Hesabu ni zangu. Ukipasuka, sitaki kusimuliwa."

Maji yaliendelea kupanda nyuma ya shavu lake. Fundi akasita, kisha akageuza ndoo yake, akaketi kando yake.