Wali Mweupe wa Daktari

Siku yangu ya kwanza kazini nilipika wali mzuri, nikaulizwa ni takataka gani ile. Nilikuwa nimetoka kupika katika hoteli ya sokoni Garissa, ambako wali hauliwi bila samli, iliki na chumvi ya kutosha. Daktari wa hospitali, Mbengali mwembamba kutoka India aliyejifunza Kiswahili kitabuni, alionja tonge moja akasukuma sahani.

"Nani ametia chumvi?"

"Mimi, Daktari. Wali bila chumfi ni wa mgonjwa."

"Mchuzi ndio unasema. Wali unanyamaza."

Basi nikafundishwa upya, mtu mzima mwenye watoto wawili. Nyinyi vijana mnaotupa mchele ndani ya sufuria ya umeme mkaenda zenu, sikilizeni. Mchele unapetwa, unachambuliwa mawe, unaoshwa mara tatu. Kisha unachemshwa katika maji tele, bila mfuniko, kama mtu anayechemsha viazi. Unatoa punje moja unaiminya kwa vidole. Ikiwa imelainika yote, unamwaga maji yake mazito na kuinamisha sufuria mpaka tone la mwisho litoke. Sisi hotelini tulipika kwa maji ya kipimo, tukaupalia wali makaa juu ya mfuniko. Kwangu kumwaga maji yale kulikuwa kumwaga utamu, na nilimwambia hivyo kila siku.

Tena maji yenyewe yalikuwa taabu. Mto Tana una rangi ya chai ya maziwa, na daktari anataka wali mweupe. Nilizungusha kipande cha shabu, lile jiwe la kusafishia maji, ndani ya ndoo, nikangoja tope litulie, nikachota ya juu. Wali wa mtu mmoja ulimaliza ndoo nzima, na siku zile mtoni hapakuendeka ovyo. Serikali ilikuwa ikipigana na shifta, waasi waliotaka kujiunga na Somalia, na kila Msomali, nami mmoja wao, alikuwa shifta mpaka athibitishe vinginevyo. Kinga yangu ilikuwa barua ya daktari ya kuthibitisha kazi yangu.

"Daktari, utaniua kwa maji ya kumwaga," nilimwambia.

"Lete maji, Abdi."

Asubuhi moja askari walifanya msako mtoni nikichota maji. Barua ilikuwa imelowa, wino umetapakaa, haisomeki. Sajini, mtu wa bara, akaniuliza kazi yangu.

"Mimi mbishi wa daktari, afande."

Ulimi wangu, kama wa wenzangu wengi, uligeuza p kuwa b, na v kuwa f. Nilisema mpishi, yeye alisikia mtu wa kubishana.

"Hata daktari unambishia, na unajisifu?"

"Ndiyo, afande. Mbishi. Miaka miwili sasa."

Nikapigwa kofi, nikasukumwa ndani ya seng'enge pamoja na waliokuwa wakingojea lori la kizuizini. Waliopandishwa lori lile, wengi hatukuwaona tena. Kando yangu alikaa mzee mmoja wa Hulugho, kule karibu na mpaka wa Somalia, aliyeleta ng'ombe kunywa maji. Hakujua hata neno moja la Kiswahili. Aliniomba, akiulizwa, nimsemee.

Mchana daktari akaja kunitafuta, njaa imemshika. Sajini akataka ushahidi. "Kama ni mpishi kweli, aseme anavyopika."

Nikaeleza yote, kuanzia shabu hadi kumwaga maji. Nilipofika kwenye chumvi hasira zilinipanda, bunduki nikazisahau. "Hataki chumfi kabisa. Mimi nasema mbaka leo ni makosa."

"Ni yeye," daktari akasema kwa kuchoka. "Garissa nzima hakuna mwingine anayenisumbua hivi."

Sajini alicheka, akafungua lango. Nikamwonyesha yule mzee. "Na huyu, afande."

"Huyu naye anapika?"

Alikuwa bado anacheka. Nikajibu ukweli, kwamba huyu ni mchungaji wa ng'ombe. Kicheko kikaisha, lango likafungwa. Jioni lori likaondoka naye.

Nilimpikia daktari yule mpaka alipohamishwa, kisha nikawapikia wakuu wa wilaya watatu, hadi nikastaafu. Hakuna hata mmoja wao aliyejua wali. Wajukuu huja kuniuliza siri ya wali mweupe usioshikana. Naanza kuwaeleza, hasira zinanishika, naacha katikati. Wanadhani nimezeeka vibaya. Hawajui kwamba neno moja la uongo, "anapika", lingetosha siku ile. Nimebishana na kila bosi niliyemfanyia kazi, juu ya chumvi, juu ya maji, juu ya moto. Pale langoni sikubisha.