Milango Miwili

Jirani yangu wa Nalufenya hugusa vitu kwa mgongo wa mkono, kama anayepima homa ya mtoto. Ndivyo alivyochagua gari lake la kwanza la kuvuta kwa magurudumu yote manne: akagusa tairi, akagusa springi, akachuchumaa kutazama chini. Alitaka la kwendea kazini na la kupandia matope ya ukweni, milimani juu ya mji wa Mbale. Akachukua fupi, la milango miwili.

Juzi tulikwenda kumtoa mama mkwe wake hospitalini Mbale. Nambozo, mkewe, akafungua mlango. Mama akasimama, leso usoni. Kwao mkwe hakaribiani na mama mkwe, na ndani ya gari hilo kila kiti kilikuwa bega kwa bega na dereva.

"Mwambie mwenye gari mimi nitapanda boda," Mama akamwambia bintiye.

Jirani akainama, akanipa ufunguo kwa ncha za vidole. Nikaendesha polepole, Nambozo kiti cha nyuma; gari lilipanda matope ya mlima bila kuteleza. Yeye alitufuata mbali kwa miguu, viatu mkononi, akisimama kila tuliposimama. Mama, kando yangu, alikuwa akitazama kioo cha upande wake.

"Nambozo, mwambie avae viatu," akasema. "Watu wanamwona."