Kipande cha Tatu cha Mchi

Gereji yetu ya Doonside, huku ughaibuni, ilinukia petroli ya mashine ya kukatia nyasi, maboksi yaliyolowa na, katika majira ya baridi ya mwaka nilipokuwa na umri wa miaka kumi, vumbi la mti uliotoka Uvira. Mti huo ulikuwa mchi wa mama. Kinu chake tulikiacha katika kambi ya wakimbizi Kigoma, karibu na mahali tulipomzika. Mchi ulisafiri nasi ndani ya sanduku, umeviringishwa kitenge, na afisa wa uwanja wa ndege aliugeuzageuza chini ya taa akitafuta wadudu kabla ya kuturudishia. Kwa miaka mitatu ulisimama nyuma ya mlango wa jikoni bila kazi, kwa kuwa sombe, majani ya muhogo, tuliinunua dukani ikiwa imekwisha kutwangwa na kugandishwa.

Baba alikuwa seremala kabla hajawa mpakuaji wa mizigo ghalani. Mwaka ule mashine ya ghalani ilimponda mkono wa kulia, na vidole viwili vikakataa kukunjika. Siku moja, akiwa nyumbani akisubiri kuitwa tena kazini, alituambia sisi watoto wake watatu, Esther, Baraka na mimi, kwamba angeukata mchi. Esther, mkubwa wetu, aliyemkumbuka mama kuliko sisi, alilia. "Papa, huyo ni mama unamukata," alisema. Baba hakukasirika. Alimwonyesha nyufa zilizokuwa zikipanda kutoka ncha zote mbili kuelekea katikati, pale mikono ya mama ilipokuwa ikishika. Mti mzima uliobaki ulitosha vipande vitatu tu, kila kimoja urefu wa kiganja. Kila mmoja wetu angepata kalamu. "Mama yenu hakusoma," alisema. "Mutamusomea nyinyi."

Kipande cha kalamu hutobolewa kutoka ncha hadi ncha, katikati kabisa, ili kipokee bomba jembamba la shaba. Tundu likienda upande, mti hupasuka. Mkono wa baba haukuweza tena kuishika drili wima. Kwa hiyo alitumia wiki nzima kutengeneza kibanio. Alichukua vipande viwili vinene vya mbao kutoka katika kitanda kilichotupwa kando ya barabara, akachonga mfereji katika kila kimoja, akavikabilisha na kuvikaza kwa bolti mbili ili kipande cha kalamu kisimame kati yake bila kutikisika. Juu akafunga kibao chenye kipande cha bomba la chuma, ambamo ncha ya drili ilipita bila nafasi ya kupotoka. Alikijaribu mara nyingi kwa vipande vya msonobari, akitokwa jasho katika baridi ile, na kila tundu lililonyooka lilimrudishia kitu usoni ambacho sikuwa nimekiona tangu ajali.

Tulitoboa vipande vya mchi siku ya likizo ya shule. Yeye alishika kibanio kwa mkono mzima, mimi nilibonyeza drili. Kila iliposhuka urefu wa ukucha aliniambia, "Toa, ipumue," nami niliivuta ili vumbi litoke. Nilipochelewa alinitania, "Weye unataka kuupika ao kuutoboa?" Cha Esther kilitoka vizuri. Cha Baraka pia, naye akakimbia kumwonyesha jirani. Cha tatu, changu, kilikuwa kimefika nusu Esther alipofungua mlango na simu mkononi. "Papa, bosi wa ghala." Esther ndiye aliyemtafsiria daima. "Usiguse, mama," baba aliniambia. "Nakuja."

Niligusa. Nilitaka akirudi akute kimekwisha. Nilibonyeza kwa uzito wangu wote, sikuitoa drili hata mara moja, na moshi ulipotokea nilizidi kubonyeza. Mti ulilia mara moja na kufunguka kutoka juu hadi chini.

Baba aliporudi alikuwa amekwisha kuelezwa, kwa kinywa cha binti yake, kwamba ghala halikuwa na kazi ya mkono kama ule. Alikitazama kipande. Nikamwambia kwa Kiingereza, lugha tuliyozoea kumjibia, kwamba kilipasuka chenyewe. Alipapasa bolti kwa muda mrefu. "Niliikaza mubaya," alisema. "Mukono huu haujue tena kazi." Jioni ile alikifungua kibanio na kukitia katika pipa la taka. Hakushika mbao tena.

Leo kazi yangu, niliyoisomea chuoni, ni kuwarudishia watu walioumia matumizi ya mikono yao. Nimejifunza kwamba miezi ya kwanza ndiyo yenye tumaini kubwa, na kwamba mkono ulioumia huokolewa kwa kutumiwa. Wiki ile ya kibanio baba alikuwa akijitibu bila kujua, nami nilimkatiza kwa uongo wangu. Huwaambia wagonjwa wasijilaumu, kisha naona aibu.

Mwaka huu nilimweleza yote, mezani, kwa Kiswahili. Alisikiliza akitazama kitambaa cha meza. Nilingoja anikemee.

"Bolti zilikuwa sawa?" aliuliza.

"Zilikuwa sawa, Papa."

Aliuinua mkono wa kulia, akaujaribu. Siku ile gerejini vidole visivyokunjika vilikuwa viwili. Sasa ni vyote vitano.