Siku Niliyopimwa Meno

Nilipokuwa mtoto kule Lurujo, upande wa Koboko, niliamini kwamba binadamu hupimwa mara moja tu. Mchimba kaburi huvunja bua la mtama, hulilaza kando ya maiti, kisha huenda nalo kuchimba. Kwa hiyo nilipomwambia bibi kwamba daktari wa meno kutoka Arua anakuja shuleni kupima meno yetu ya utoto, ili ajue kama ya ukubwani yatapata nafasi au yatapandana, aliweka ungo chini.

"Mutu iko hai hapana pimwa," alisema. "Ukipimwa, kipimo itatafuta mutu kwa hii nyumba. Funga mdomo yako."

Ningeufunga. Lakini kila aliyepimwa alipewa mswaki mwekundu, nami sikuwahi kuwa na mswaki. Tamaa mbele, mauti nyuma. Wahenga hawakuwa na mzaha.

Daktari alikuwa mama mnene, mpole. Aliingiza kinywani mwangu kipimo cha chuma chenye ncha mbili, akataja namba, mwenzake akaandika. Jino, namba. Jino, namba. Alipofika kwenye chonge za chini akapapasa ufizi kwa kidole.

"Hii meno iko wapi? Ilichimbwa?"

Sikujua; kwetu mtoto mchanga akiharisha, ufizi wake ulichimbwa ili kutoa vijino vilivyoitwa meno ya plastiki, vilivyosemekana kuleta ugonjwa. Akauliza kama nyumbani kuna mtoto mchanga. Nikamwambia yupo, mdogo wangu Taban, ana miezi mitano na anaharisha. Akanishika mabega.

"Sikia, mtoto yangu. Watu watasema iko na meno ya plastiki, wataleta spoki wachimbe. Ambia bibi yako hapana. Ile ni meno yake tu inakuja. Apeleke yeye hospitali leo leo. Umesikia?"

Nilisikia. Nilikimbia njia nzima.

Uani nilimkuta mzee mchimba meno amekwisha kaa, spoki ya baiskeli aliyoinoa iko juu ya kitambaa. Mama alikuwa kule Vurra kwenye biashara yake, hangerudi hadi Jumamosi. Bibi alikuwa amempakata Taban, mtoto amelegea, macho yameingia ndani. Bibi akanitazama.

"Huko shule walipima wewe?"

Mswaki ulikuwa unanichoma kiunoni, chini ya sketi. Nikisema neno la daktari, atajua nilifungua kinywa.

"Hapana, bibi."

Sikuongeza neno. Mzee akamwinamia Taban, nami nikaangalia pembeni hadi kilio kilipokwisha.

Taban alifariki siku ya tatu. Bibi aliuona mswaki wakati wa matanga. Hakunipiga. Alilia, na kwa muda mrefu hakuniangalia usoni. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mgonjwa, aliniita kitandani akasema amenisamehe kupimwa kule.

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu Arua apimwe meno. Nilibaki chumbani, nimemshika mkono hadi mwisho, ingawa siku hizi najua kipimo hakiui mtu. Bibi alinisamehe jambo ambalo halikuwa kosa, nami nilipokea msamaha ule nikashukuru, nikamwacha azikwe akiamini kipimo ndicho kilichoua. Kosa langu lilikuwa kufika na maneno ya kumponya ndugu yangu na kuyameza. Mama yu hai, anauza unga wa muhogo kule Oli, na kila ninapomtembelea hunisimulia jinsi Taban alivyokuwa akicheka. Bado sijamwambia.