Mawe ya Jiko la Bibi

Nilipanda kijijini kwetu, juu kidogo ya Marangu, kumzika baba mdogo, na matanga yalipokwisha nikamkuta binamu yangu akibomoa jiko la bibi. Ulikuwa mwezi wa saba, ukungu umelala juu ya migomba hata nyumba ya jirani huioni. Simlaumu. Ukuta ulishainama, mvua ilikuwa inaingia, naye alihitaji banda la ng'ombe. Nikamwomba mawe na ile boriti ya juu, nikamwambia nitajengea mahali pa kuotea moto ndani ya nyumba yangu mpya kule chini Marangu. Akacheka kidogo, kisha akanisaidia kupakia kwenye kigari cha mizigo, kirikuu.

Ungelijua jiko lile, ndugu yangu, usingeshangaa. Mama alifariki tukiwa wadogo, baba alikuwa kwenye mkonge huko Tanga, basi mimi na dada yangu tulilelewa mle ndani. Tukitoka shule miguu imelowa umande, tunamkuta bibi anamenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu, na chungu cha kiburu kinatokota, ndizi na maharage pamoja. Nyuma ya kizuizi cha mbao ng'ombe anacheua. Nje, maji ya mfereji yanapita yakinong'ona. Kuni zilikuwa kazi yangu, majani ya ng'ombe kazi ya dada. Kuni zikiwa mbichi moshi ulitutoa machozi, na bibi hakuhangaika kutubembeleza. Alikuwa akisema, "Lieni tu, mkimaliza mtakula."

Nyumba yenyewe nilianza kuijenga mke wangu alipotangulia. Watoto wangu wako Dar, wana maisha yao. Mtu niliyekuwa namjengea ule moto, nikuambie ukweli, ni dada. Anaishi Mwanza siku nyingi, na aliahidi Krismasi atakuja tukae pamoja.

Fundi alitoka Himo. Alikuwa mwashi mzuri, ila dohani ya kutolea moshi hakuwahi kujenga, na mimi sikujua zaidi yake. Mawe yalipofika akayatazama yalivyojaa masizi.

"Mzee, nikiyapiga brashi ya waya yatatakata," akasema.

"Yaache hivyo hivyo."

Aliyapanga upande mweusi ukitazama sebuleni, na boriti akailaza juu yake iwe rafu. Siku ya kuwasha, moshi wote ukarudi ndani, tukakimbilia uani tukikohoa kama wazee wawili wagonjwa. Akabomoa shingo ya dohani, akaipanua, akaiongeza urefu. Safari hii moshi ukapanda vizuri. Akaosha mwiko wake, akaniaga, na nyumba ikawa kimya.

Wiki chache kabla ya Krismasi dada akapiga simu. Daktari amemkataza safari, moyo hauko sawa. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa habari za mvua. Nikamjibu hakuna shida, apumzike. Nilipokata simu nilikaa muda mrefu nikitazama viti viwili nilivyoviweka pale.

Jioni ya Krismasi watoto walinipigia, wakanisalimia shikamoo mmoja baada ya mwingine, kisha wakarudi kwenye sherehe zao. Nikawasha moto, nikampigia dada. Akaniambia niisogeze simu karibu na moto asikie. Nikaisogeza. Akasikiliza.

"Unachoma kuni gani?" akauliza.

"Za kahawa. Binamu ameng'oa shamba, anapanda parachichi."

"Ile ya bibi?"

"Ile ya bibi."

Najua alichokuwa anakiona, maana na mimi nilikiona: kahawa yote ya kihamba, lile shamba la pale nyumbani, imetoa maua meupe baada ya mvua, harufu inaingia hadi kitandani, na sisi tumekatazwa kutikisa matawi. Watoto wangu hawajawahi kuinusa harufu ile. Nikijaribu kuwaeleza, wananisikiliza kwa heshima tu. Hata Kichagga cha bibi, nikikisema pale kijijini vijana wananijibu kwa Kiswahili. Duniani amebaki mtu mmoja ambaye sihitaji kumweleza lolote, naye yuko upande wa pili wa nchi, na moyo wake ni mbovu.

Nikamuuliza kama amechoka, nimwache alale.

"Usikate," akasema. "Tukae."

Basi tukakaa, yeye Mwanza, mimi Marangu, bila kusema neno, mpaka chaji ya simu ikaisha.