Kikaangio Nilichompelekea Dada Edani

Nilikwenda Sur kwa sababu ya aibu. Ningependa kusema ni mapenzi, lakini mapenzi yangekwenda mapema. Shemeji yangu Salim, mume wa dada yangu Zuwena, alifariki nami niko Uturuki na wanangu, likizo tuliyoingojea mwaka mzima. Ndege za kurudi zilikuwapo. Nikajiambia, maiti hawekwi, nitafika watu wameshatoka makaburini, kuna faida gani? Nikamtumia dada ujumbe wa sauti, nikalia humo ndani ya simu, kisha nikaenda kula samaki. Tuliporudi Nizwa ikawa leo kesho, leo kesho, mpaka ikapita miezi miwili na nusu sijakwenda kumhani. Loo, nafsi ya binaadamu!

Kila msimu wa baridi, dada na Salim walikuwa wakienda kulala mchangani, jangwani Bidiya. Salim alisoma Marekani, akarudi na mapenzi ya kitamutamu kimoja tu: mashimalo, zile peremende nyeupe laini, unazichoma motoni kwa kijiti, kisha unazibana na chokoleti baina ya biskuti mbili. Akikiita smoz, na sisi tukimcheka. Sasa dada yumo katika eda, hatoki nyumbani mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Mimi nikaona nimepata akili: ikiwa yeye hawezi kwenda kwenye moto wa mchangani, basi smoz tutazipika ndani, kwa kikaangio cha umeme, kile cha kukaanga kwa hewa ya moto bila mafuta.

Ijumaa, saa moja asubuhi, nilitoka Firq, mtaani kwetu Nizwa. Kikaangio nilikikalisha kiti cha mbele nikakifunga mkanda. Mfuko wa mashimalo nilikuwa nimeusoma mara mbili dukani, nihakikishe ni ya halali, hayana cha nguruwe ndani. Kwa hayo nilikuwa hodari sana.

Saa tatu nilikuwa Ibra, kwa mama yetu mdogo, Bi Salma, maana kupita mlango wake bila ya kuingia ni kesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umetukumbuka!" Akachungulia garini. "Na huyo nani uliyemfunga mkanda?"

"Kikaangio, mama. Nampelekea dada."

"Jikoni kwake anacho."

"Hiki kikubwa zaidi."

Hakucheka. Alinimiminia kahawa, akanisogezea tende, akaniangalia mpaka nikainamisha macho. "Siku ya msiba Zuwena aliniuliza, Asha yuko wapi? Nikamwambia uko njiani. Nilidhani utakuja, mwanangu. Umenifanya mwongo katika nyumba ya msiba, na umri wangu huu."

Kahawa ikanishinda. Nikatikisa kikombe kuashiria nimetosheka, nikaaga.

Saa nne na nusu, Bidiya. Kwenye gereji za kando ya barabara magari yalikuwa yakipunguzwa upepo wa tairi kabla ya kuingia mchangani. Salim alikuwa akisimama hapo hapo. Kila mwaka akinialika, na kila mwaka nina kazi. Nilikwenda mara moja tu, nikashinda nikinung'unika kuwa mchanga umeingia kwenye chai. Wallahi, leo ningeinywa chai ile na mchanga wake. Nilinunua maji, nikalia garini, nikanawa uso nikaendelea.

Adhuhuri nilifika Sur. Wanawe Zuwena wako chuoni Maskati, na wifi yake anayelala naye alikuwa amekwenda kwao kwa siku ile. Dada alinifungulia mwenyewe, nguo za kawaida, hana wanja, hana manukato. Amekonda.

"Karibu," alisema. "Ingia, tafadhali."

Akanikalisha sebuleni. Akaniletea kahawa, halwa, matunda yaliyomenywa. Akaniuliza khabari za njia, za wanangu, za joto la Nizwa. Mwenzangu, ungedhani mimi ni mke wa jirani! Sisi hatujawahi kukaribishana. Nikifika kwake huenda moja kwa moja jikoni nikafunua masufuria. Siku ile nilikaa kitako kama mgeni, na heshima yake ikinichoma kuliko matusi.

Nikaona bora nipike. Nikakiingiza kikaangio jikoni, dada akanifuata, nikapanga biskuti ndani yake, juu yake chokoleti, juu yake mashimalo, nikawasha. Haikupita dakika tukasikia tak, tak, tak. Feni ya ndani ina nguvu na mashimalo ni mepesi, yakaruka yote. Moja likagandia kwenye waya wa moto huko juu, moshi ukajaa jikoni.

"Zima, we!" Zuwena alipiga kelele. "Utaniunguzia nyumba, na mimi niko eda!"

Tukacheka. Tulicheka mpaka tukashika meza. Waya ulipopoa akaupangusa, akachukua mkasi, akayakata mashimalo nusu kwa nusu na kuyabandika kwenye biskuti upande unaonata. Chokoleti akaiacha ya mwisho isiungue. Dakika tatu tu, yakatoka ya rangi ya asali. Akayabana, akanipa la kwanza, la pili akalimega yeye kidogo, akaliweka chini.

"Matamu," alisema. "Yake yeye yalikuwa yakiungua."

Nikasema, "Dada, nisamehe. Sikuja."

Alifuta vidole kimoja kimoja. "Mama mdogo aliniambia uko njiani. Nikakutandikia godoro ubavuni pangu. Nyumba imejaa, watu wanalala mpaka ukumbini, na kila aliyetaka kulala pale nilimwambia pana mwenyewe. Siku tatu, Asha. Na ujumbe wako niliusikiliza. Nyuma ya sauti yako kulikuwa na watu wanacheka."

Nililia, na yeye akanipa kitambaa, kwa adabu.

Jumamosi asubuhi nilifunga safari ya kurudi. Nilikuwa nimelijua la kujua, kwa kuchelewa: msiba una siku zake, na zikipita huzilipi kwa biskuti wala kwa mashine. Dada hakuwa na haja ya kitu cha kula. Alitaka nilale pale alipotandika.

Mlangoni nikamwambia siku ya kutoka eda nitakuja, nitaomba ruhusa kazini.

"Siku hiyo usije," alisema. "Watu watakuwa wengi. Njoo kesho yake, watakapokuwa wameshaondoka wote."

"Nitakuja, inshallah."

Alinitazama usoni, kisha akashika kitasa cha mlango.

"Mara hii usinitumie sauti."

Niliendesha mpaka Nizwa na maneno hayo, na nayastahili.